Kiunzi cha Seli: Istilahi na Maana Yake

Mwalimu anayetaka kueleza umbo la seli kwa Kiswahili hukabiliwa na uteuzi mgumu wa istilahi. Lugha za Ulaya huuita mfumo wa nyuzi zilizomo ndani ya seli kwa neno lenye maana ya mifupa. Tafsiri ya moja kwa moja, yaani "mifupa ya seli", ni rahisi, lakini yapotosha. Kwa mwanafunzi mfupa ni kitu cha kudumu, hali nyingi kati ya nyuzi hizo hujengeka na kubomoka katika muda wa dakika chache.

Neno lifaalo zaidi ni kiunzi, lenye nasaba moja na kitenzi unda. Katika nyumba za udongo za Likoni, Kisauni na Changamwe, kiunzi ni nguzo na fito zilizofungwa pamoja kabla ya ukuta kukandikwa. Nguzo ikiliwa na mchwa huondolewa, na miti iliyo mizima huweza kutumika tena. Nyumba husimama huku sehemu zake zikibadilishwa.

Ndivyo ilivyo aktini, protini iliyogunduliwa Hungaria mwaka 1942 na F. B. Straub. Chembe zake huungana kuwa uzi wenye upana wa nanomita 7 hivi. Ncha moja ya uzi hurefuka upesi kuliko ya pili. Chembe zinazobanduka hurudi kazini kwingine.

Nini basi huanzisha mabadiliko hayo? Tuseme mvuvi wa Likoni amekatwa mguu na gamba la chaza. Kemikali zitokazo katika damu iliyoganda hunaswa na vipokezi vilivyo juu ya seli za pembeni mwa jeraha. Vipokezi navyo huamsha ndani ya seli protini ndogo zinazofanya kazi kama swichi. Tafiti za Alan Hall na wenzake huko London, kati ya 1992 na 1995, zilionyesha mgawanyo wa kazi: Cdc42 huchomoza vijiti mfano wa vidole, Rac hutandaza ukingo mpana wa mbele, Rho hufunga nyuzi katika matita yanayoivuta seli. Rac hufanya hivyo kwa kuliamsha kundi la protini liitwalo Arp2/3, ambalo huchipuza matawi kwenye nyuzi za zamani. Kofilini hukata nyuzi kuukuu. Kwa njia hiyo seli hutambaa hadi jeraha likafungika.

Hata hivyo, mfano wa nyumba una mpaka wake. Nyumba ina fundi, seli haina. Kwa sababu hiyo neno "amri" halifai, na "ishara" lafaa. Hali kadhalika, kauli ya kutendeka, kama vile hujengeka na hubomoka, hueleza tukio bila kudai mtendaji. Hapa sarufi ya Kiswahili yamsaidia mwalimu wa sayansi, mradi istilahi iteuliwe kwa kutazama kazi ya kitu chenyewe, si kwa kufuata jina lake la kigeni.