Fahamu: Mpango wa mpito kwa kijana mwenye usonji

Ni maandalizi ya maisha baada ya sekondari: masomo, kazi na kujitegemea.

Sheria inasemaje?

Nchini Marekani, sheria ya elimu kwa wenye ulemavu, IDEA, inaitaka shule iwe na mpango huo mwanafunzi anapofikisha miaka 16. Kijana mwenyewe lazima aalikwe kwenye kikao cha kuupanga.

Kwa nini mapema?

Kupanda basi peke yake, kutunza pesa, kupika, kumweleza mwajiri kwamba kelele zinamsumbua: stadi hizi huhitaji mazoezi ya hatua kwa hatua, tena mahali penyewe zinapotumika. Cheti pekee hakizileti.

Baada ya hapo?

Haki za IDEA hukoma kijana anapohitimu kwa diploma ya kawaida. Huduma za watu wazima huombwa upya, kwa masharti mengine. Mzazi asingoje mahafali. Aombe kikao sasa.