Kabla ya kulilaumu ini, tazama shingo

Mtu akivimba tumbo, mtaani hukumu hutoka kabla ya kipimo: ini limeharibika kwa pombe. Akiwa ni mama asiyewahi kuonja hata tone, basi karogwa. Moyo hautajwi. Hata kwenye zahanati moyo husahaulika, maana ukimlaza mgonjwa na kumbonyeza chini ya mbavu za kulia, ini unalikuta palepale, kubwa, linauma. Nani atahangaika kutafuta mshtakiwa mwingine?

Tuanze na njia ya damu. Ini hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, kama lita moja na nusu kila dakika kwa mtu mzima aliyetulia. Sehemu kubwa ya damu hiyo hupitia kwanza kwenye utumbo na wengu, ndipo iingie kwenye ini. Ikitoka humo humwagika kwenye mshipa mkuu unaopanda kifuani hadi upande wa kulia wa moyo. Mishipa inayotoka kwenye ini haina vali ya kuizuia damu isirudi nyuma. Upande wa kulia wa moyo ukishindwa kazi, presha hurudi chini, ini likafurika, na baadaye maji huvujia tumboni.

Wataalamu wa patholojia wanalifahamu ini la namna hii kwa macho tu. Wakilikata hukuta madoa meusi-mekundu pale damu ilipokwama, yamezungukwa na nyama iliyopauka, na ndiyo maana vitabuni huitwa ini la kungumanga. Aliyewahi kupasua kungumanga ya Unguja hahitaji picha. Hali hiyo ikidumu miaka, makovu hujengeka, na ini lililokuwa limevimba tu likawa gonjwa kwelikweli.

Sasa shingo. Mgonjwa aegemee mito, kiwiliwili kiinuke nyuzi 45 hivi, ageuze uso kidogo kushoto. Tatizo likiwa la moyo, mshipa wa kulia wa shingo huonekana umejaa, ukichezacheza juu ya mtulinga, wakati mwingine hadi karibu na sikio. Tumbo likikandamizwa taratibu kwa sekunde 10 au 15, mshipa hupanda zaidi na kubaki juu. Mwenye makovu ya ini peke yake kwa kawaida shingo yake haijai hivyo. Kipimo hiki hakina bei. Maabara nayo ina neno: maji ya tumboni yatokanayo na moyo huwa na protini nyingi, ya makovu ya ini huwa na protini kidogo. Kisha eko ya moyo humaliza ubishi.

Kinachoudhi ni kwamba dawa zinaweza kuficha kosa. Furosemaidi na spironolaktoni, vidonge vya kukojoza maji, hutolewa kwa moyo na kwa ini pia. Tumbo linapungua, kila mtu anaridhika, na utambuzi usio sahihi unaendelea kuandikwa kwenye kadi. Hapo ndipo hupotezwa watu ambao wangepona. Kifua kikuu, kwa mfano, huweza kushambulia mfuko unaouzunguka moyo, ukakakamaa hata moyo usiweze kupanuka kupokea damu. Mgonjwa huyu huvimba tumbo, macho wakati mwingine huwa ya manjano, na anaweza kutibiwa ini miaka mingi. Anachohitaji ni dawa za TB, na mara nyingi daktari wa upasuaji wa kuuondoa mfuko huo.

Afrika Mashariki tuna somo letu wenyewe. Mwaka 1948, Jack Davies, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa unaoweka makovu ndani ya vyumba vya moyo. Wengi wenye ugonjwa huo wana tumbo kubwa la maji huku miguu haijavimba sana, sura ambayo humpeleka kirahisi daktari asiyeujua kwenye ini.

Safari ya kinyume nayo ipo. Kichocho cha tumbo, kilichozoeleka kwa wavuvi na wakazi wa pembezoni mwa Ziwa Victoria, huleta mayai ya minyoo hadi kwenye ini. Makovu yakiziba njia, damu hutafuta vichochoro, na mayai hupita humo hadi mapafuni. Mishipa ya mapafu ikibana, upande wa kulia wa moyo hulemewa. Hapo ini ndilo lililoanza.

Mijini siku hizi kuna mkosaji mwingine: mafuta kwenye ini, rafiki wa kisukari na kitambi. Wengi wakiambiwa wanayo huogopa saratani ya ini, na hofu hiyo ina msingi, lakini kinachoongoza kuwaua watu hawa ni magonjwa ya moyo na mishipa. Wapo wanaoacha vidonge vya statini vya kushusha kolesteroli wakidhani vitalimaliza ini. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa pendekezo la kupima ini mara kwa mara kwa wanaovitumia, kwa kuwa madhara makubwa ya ini ni nadra mno. Hupimwa kabla ya kuanza, na tena dalili zikijitokeza. Mwenye ini lililokwisha kushindwa kazi ni habari nyingine, huyo amwone daktari wake kwanza.