Kiungulia si Vidonda vya Tumbo

Hapa kwetu Githurai 45, mtu akilalamika kwamba kifua kinamchoma, jirani humjibu upesi, "Hiyo ni alsa, kunywa maziwa." Shangazi yangu, muuza nyanya sokoni, alikunywa maziwa mwaka mzima na moto haukuzimika. Alipopimwa, kumbe hakuwa na kidonda hata kimoja. Alikuwa na kiungulia.

Kiungulia ni nini basi? Tumbo hutoa asidi kali ya kusaga chakula. Ukuta wa tumbo umekingwa na ute, lakini umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, hauna kinga kama hiyo. Baina ya viwili hivi pana msuli unaojifunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Ukilegea, asidi hupanda na kuchoma.

Vidonda vya tumbo ni jambo jingine. Vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama aspirini. Mwaka wa 1984, Daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao makusudi ili athibitishe madhara yao. Mwaka wa 2005, yeye na mwenzake Robin Warren walituzwa Nobel. Bakteria hao huuawa kwa antibiotiki, ambazo hazitibu kiungulia. Ukichanganya maradhi haya mawili, unapoteza pesa bure.

Tuangalie maisha yetu. Mzazi anatoka kazini mjini, anakwama kwenye foleni ya Thika Road, anafika saa nne usiku. Anakula chapati kwa madondo, sahani pomoni, halafu moja kwa moja kitandani! Tumbo likijaa na mwili ukilala, asidi haina tena mlima wa kupanda.

Dawa ya kwanza, basi, ni saa. Kula saa mbili au tatu kabla ya kulala. Shangazi siku hizi hula chakula kizito mchana palepale sokoni, na jioni kidogo tu. Pili, inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali. Kurundika mito hukunja tumbo tu. Tatu, lalia ubavu wa kushoto. Nne, chunguza kinachokuchokoza: pilipili, mafuta mengi, kahawa, pombe au sigara. Magadi nayo yana sodiamu nyingi, hayamfai mwenye presha.

Ukichomwa zaidi ya mara mbili kwa wiki, mwone daktari. Lakini chakula kikikwama kooni, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje hata kesho. Vilevile maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi pamoja na jasho huenda yakawa ya moyo: kimbia hospitali. Usipoziba ufa, jamani, utajenga ukuta.