Chaji Inayoliwa na Mnara

Ibadakuli si mahali pa kukosa umeme. Kata hii ya Manispaa ya Shinyanga ndiyo yenye uwanja wa ndege, na ndiyo yenye kituo kikubwa cha kupoza umeme, mahali unapofikia msongo wa kilovolti 400 unaotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, njia ya kilomita 670 hivi. Pamoja na hayo, pita kwenye kijiwe cha bodaboda saa tisa alasiri uombe kupiga simu: huyu atakuambia imezima, yule ana asilimia nane na anaibania kwa ajili ya mteja wake wa jioni. Asubuhi wote walitoka nyumbani na mia kwa mia.

Ukimuuliza fundi wa haraka haraka, jibu lipo mdomoni: betri imekufa, weka nyingine. Mara nyingine ni kweli. Lakini betri inasingiziwa mno, na katika ukanda huu kuanzia Shinyanga hadi Geita mshukiwa wa kwanza angepaswa kuwa mnara wa simu.

Simu iliyotulia mfukoni haijalala. Kila baada ya muda mfupi inausikiliza mnara, na ikihama eneo inajitambulisha upya. Ikiwa karibu inanong'ona. Ikiwa mbali inapaza sauti, kama mchungaji anayemwita mwenzake ng'ambo ya mbuga. Kupaza huko kuna kipimo. Kwenye 2G ya megahezi 900, mnara unaweza kuiamuru simu itume kwa nguvu ya miliwati 3 tu, au ipandishe hadi wati 2. Tofauti hapo ni zaidi ya mara 600, na yote inatoka kwenye betri ileile. Kwenye 4G kilele ni kidogo zaidi, miliwati 200, lakini kanuni ni hiyohiyo: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika inapanda walau mara nne, na ukuta wa tofali au bati la paa vinadai nyongeza yao. Mwenye simu hatoi amri hiyo wala haioni kwenye kioo. Anachoona ni vijiti viwili vya mtandao, na jioni chaji haipo.

Kuna hali mbaya kuliko kuwa mbali na mnara, nayo ni kukosa mtandao kabisa. Hapo simu inapekua masafa yote inayoyajua, inapumzika kidogo, inapekua tena. Ndiyo maana mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, na simu mfukoni hupanda juu saa kadhaa baadaye akiwa na simu ya moto na chaji nusu, ilhali hakuigusa. Mawimbi ya simu hayapenyi mwamba. Dawa yake ni bure: kabla ya kushuka, washa Hali ya ndegeni. Tochi itaendelea kufanya kazi, saa pia, kamera pia. (Jina hilo limewaponza wengi. Wanaodhani ni kitufe cha wasafiri hawakigusi maisha yao yote, hata hapa Ibadakuli penye uwanja wa ndege.)

Wenye laini mbili, na huku ni wengi kwa kuwa moja ni ya pesa na nyingine ni ya bando la bei nafuu, wana tatizo hilo mara mbili. Laini ya pili ikikosa mtandao kijijini haikati tamaa. Inaendelea kutafuta wakati ya kwanza inafanya kazi vizuri. Ingia kwenye Mipangilio uizime mpaka utakaporudi mjini. Na ukiona alama inarukaruka kutoka 4G kwenda 3G kwenda E na kurudi, simu inalipia kila mruko. Ichagulie mtandao mmoja ulio imara mahali ulipo, hata kama ni wa polepole. Kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, kinakaa na chaji siku nne kwa sababu kioo chake ni kidogo, kinatumia 2G tu, na hakina makundi ya WhatsApp yanayopakua video usiku kucha.

Mshukiwa wa pili ni jua. Tazama pikipiki inayopita: simu imefungwa kwenye usukani, kioo kinaelekea juani, mwangaza umepandishwa hadi mwisho, ramani imewashwa, na waya wa chaji umechomekwa. Kila kimoja kati ya hivyo kinazalisha joto, na vyote vimekutana kwenye kitu cheusi chenye upana wa kiganja. Apple huwashauri wateja wake kutumia simu kwenye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35. Shinyanga ya Septemba na Oktoba inavuka 30 kivulini bila taabu, na juani kioo cheusi kiko mbali zaidi ya hapo.

Madhara yake hayaishii siku hiyo. Betri ya lithiamu, aina iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991 na iliyowapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, inafanya kazi kwa kuhamisha ayoni za lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine kupitia kimiminika. Upande wa grafaiti umefunikwa na utando mwembamba sana unaoulinda. Utando huo unaendelea kunenepa polepole maisha yote ya betri, na unanenepa kwa kumeza lithiamu ileile iliyopaswa kubeba chaji. Joto linauharakisha: kwa makadirio ya wanakemia, nyuzi 10 zikiongezeka kasi inakaribia maradufu. Kukaa muda mrefu kwenye asilimia mia kunauharakisha pia. Kwa hiyo simu iliyojaa, iliyochomekwa na kuachwa juani inapigwa kutoka pande zote. Ukiweza iishie themanini, na ikiwa ya moto ichomoe kwanza ipoe.

Utando mnene unaleta jambo jingine linalowafanya watu waamini simu zao zina mashetani: kuzima ghafla ikiwa na asilimia ishirini. Betri iliyojaa ina volti 4.2 au zaidi kidogo, na simu hujizima volti zikishuka hadi 3 na kitu. Betri iliyochakaa ina ukinzani mkubwa ndani yake, hivyo ukiwasha kamera na mwanga wake, au simu ikipaza sauti kwa mnara wa mbali, volti zinaporomoka ghafla, simu inaona hatari, inazima. Chaji ilikuwemo ila haikuweza kutoka kwa kasi iliyotakiwa. Hapo, na hapo tu, fundi ana haki ya kusema betri imekufa.

Ushauri wa zamani kwamba simu mpya ichajiwe kwa muda wa saa nane kwanza, na kwamba kila mara iachwe hadi izime, ulifaa betri za nikeli na kadmiamu. Kwa lithiamu kuishusha hadi sifuri kila siku ni kuifupishia maisha. Kufagia programu zote kila dakika nako hakusaidii, maana simu inatumia nguvu zaidi kuzifungua upya. Afadhali kufungua Mipangilio, kisha Betri, uone ni programu gani imekula nini, uikataze hiyo peke yake kufanya kazi chinichini.

Kuhusu mandhari meusi, inategemea kioo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021 wakakuta kwamba kwenye vioo vya OLED mandhari meusi yanaokoa kati ya asilimia 39 na 47 mwangaza ukiwa wa mwisho, lakini asilimia 3 hadi 9 tu mwangaza ukiwa wa wastani. Kwa mtu anayeshinda juani hiyo ni faida ya kweli. Shida ni kwamba simu nyingi za bei ya chini bado zina vioo vya LCD, ambavyo taa yake ya nyuma inawaka vilevile hata picha ikiwa nyeusi tii. Kwa hao, weusi ni urembo.

Ikiwa umefanya yote hayo na chaji bado inakimbia, mtafute fundi mwenye pawasaplai mezani. Ataitoa betri, atabana nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, mahali pake, atafungua volti 4, kisha hatagusa kitu. Simu ikiwa imezimwa, namba ya ampea inapaswa kubaki sifuri. Ikipanda hata kidogo, kuna shoti kwenye ubao, mara nyingi maji au jasho lililoingia zamani, na hakuna betri mpya itakayoponya hilo.

Namba ikibaki sifuri na betri ndiyo yenye kosa, angalia unachouziwa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizifungia simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba zao za IMEI. Betri haina IMEI, na karatasi yake inaweza kuandikwa namba yoyote ile. Ipime mkononi pamoja na ile iliyotoka: ya ukubwa uleule ikiwa nyepesi waziwazi, irudishe. Ile ya zamani, kama ni ya kutoa, ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kirahisi imevimba tumboni. Usiitoboe wala kuitupa kwenye moto wa takataka, maana kimiminika kilichomo kinawaka.