Wazee Wetu na Kadi Zao za Matibabu

Anayeijua Qantab anajua kwamba ukishaupita mlima kutoka upande wa Al Bustan, njia inakuteremsha mpaka pwani penye mashua za wavuvi. Hapo ndipo ukoo wetu ulipotandika mabusati Ijumaa moja, baada ya sala, na wazee tulikuwa sita, mdogo wetu ana miaka 61. Sote ni watoto wa nyumba moja, lakini kadi tulizokuwa nazo mifukoni ni za serikali mbalimbali. Jambo hilo sikuwa nimelifikiri mpaka dada yangu mkubwa, aliyekuja kututembelea kutoka Unguja, aliposhikwa na kizunguzungu kabla hata kahawa haijamiminwa.

Vijana wakamtia garini kumkimbiza mjini. Alipoulizwa bataka yake akatoa pasi. Kwao Unguja hospitali za serikali zilifanywa bure baada ya Mapinduzi ya 1964, naye akaona mgonjwa ni mgonjwa popote alipo. Alhamdulillahi, ilikuwa presha, akatibiwa vizuri na kulazwa siku mbili. Lakini hesabu aliyoletewa ilipita nauli yake ya kuja na kurudi, tukachangishana kwenye varanda ya hospitali.

Basi nikaanza kuuliza, kama ilivyo ada ya mwalimu.

Sisi raia wa hapa husema tuna bima ya serikali. Hatuna. Tulicho nacho ni haki ya kutibiwa na Wizara ya Afya kwa ada ndogo. Ile tuliyoizoea ni riali 1 ya kadi kwa mwaka na baisa 200 kila unapokwenda. Mlango wake ni kituo cha afya cha mtaani kwako, na huko ndiko inakotoka barua ya kukupeleka Royal au Khoula, isipokuwa kwa dharura. Aliyefika miaka 60 na aulizie huduma ya wazee kituoni: huchunguzwa sukari, presha, macho na kumbukumbu, na asiyejiweza hutembelewa nyumbani.

Nimemsikia mzee mmoja akisema kadi ya kituo haina kazi tena kwake, kwa kuwa "ameshaingia bima ya 115". Maskini, amechanganya mifuko miwili. Riali 115 kwa mwezi, ambazo Mfuko wa Hifadhi ya Jamii ulianza kuwalipa raia wa miaka 60 na zaidi Januari 2024, ni posho ya kuishi, hazilipii kitanda cha hospitali. Na bima ya kazini ya mwanao mara nyingi ni ya mkewe na watoto wake. Isome kabla hujaiegemea.

Ndugu yetu wa Mombasa alitutolea kadi yake ya NHIF, kaihifadhi vizuri ndani ya plastiki. Kadi ile imekwisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kila mtu alitakiwa ajiandikishe upya. Asiye na mshahara hupimwa hali ya nyumba yake, halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, tena hutakiwa kutanguliza ya mwaka mzima. Kwa hiyo haifai kungojea mpaka uugue.

Binamu yetu wa London alicheka, akapiga mfuko wenye pasi ya Kiingereza. Nikamwambia asubiri. Hospitali za kule ni bure kwa mkaazi, na pasi peke yake haitoshi: aliyehamia Maskati akarudi kwa ajili ya matibabu tu aweza kudaiwa. Hakucheka tena.

Dada anakusudia kuja tena Ramadhani ijayo, inshallah. Safari hii tumeanza mapema kumtafutia bima ya safari. Kampuni ya kwanza haichukui aliyepita miaka 70. Ya pili imemkubali, ila presha imeitoa. Kesho nakwenda kuuliza ya tatu.