Kiendelezi cha SVG Hakigeuzi Picha Kuwa Vekta

Swali wanaloulizwa wachapaji wa mabango hadi kuchosha ni programu ipi ya bure itakayoigeuza nembo iliyopokelewa kwa WhatsApp kuwa faili ya SVG, na ubaya wa swali hilo ni kwamba jibu lipo, kwani zana za kuzalisha faili yenye jina hilo zimejaa mtandaoni, ilhali faili inayopatikana mara nyingi haimfai mwenye nembo kwa lolote. SVG, iliyopitishwa na shirika la viwango la W3C mwaka 2001, ni namna ya kuandika mchoro wa vekta, yaani mchoro unaohifadhiwa kama maelekezo ya kihisabati ya mistari na mikunjo, tofauti na picha ya pikseli, ambayo ni vidoa vya rangi vilivyopangwa kwa safu na ambavyo idadi yake haiongezeki picha inapotanuliwa.

Imani kwamba faili ikiishia na herufi "svg" basi vekta imepatikana haina msingi wowote. Kanuni za SVG zenyewe zinaruhusu picha ya pikseli kupachikwa ndani ya mchoro, na zana nyingi za bure hufanya hilo tu: huichukua JPEG nzima, huziandika baiti zake kwa mfumo wa base64, unaotumia herufi nne kwa kila baiti tatu, kisha huizungushia mistari michache ya SVG, ikatoka faili iliyoongezeka uzito kwa takriban thuluthi moja na isiyo na mkunjo hata mmoja. Ulaghai huu haumhitaji mtaalamu kuubaini, kwa kuwa SVG ni maandishi na hufunguka kwa Notepad: yakionekana maneno "image" na "base64" yakifuatwa na kurasa za herufi zisizosomeka, picha ni ileile, ilhali vekta halisi kwa kawaida huonyesha neno "path" na nambari zilizotanguliwa na herufi kama M, inayoweka mahali pa kuanzia, na C, inayochora mkunjo. Nembo yenye upana wa pikseli 500 ikichapwa kwenye bango la mita 2, kila pikseli huwa na upana wa milimita 4, iwe imevikwa SVG au haikuvikwa, na mashine ya kukatia stika haipati hata pa kuanzia, kwa sababu kisu chake hufuata njia na pikseli hazina njia. Wanaobadilisha jina la faili kwa mkono, wakaona bado inafunguka, wajue kwamba programu imezisoma baiti za mwanzo, ambazo kwa JPEG ni FF D8, ikalipuuza jina.

Ufuatishaji wa kweli upo. Potrace, programu ya Peter Selinger inayotumika ndani ya programu ya kuchora Inkscape, huitazama picha kwa rangi mbili, nyeusi na nyeupe, hutafuta mpaka kati yake, kisha huulinganisha mpaka huo na mikunjo inayoitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault. Lakini JPEG hubanwa kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa mno huacha madoa kandokando ya herufi. Kompyuta, isiyojua doa ni nini, huyafuata kwa uaminifu, hata herufi O iliyohitaji pointi 8 ikarundikiwa makumi.

Kwa hiyo kwanza aulizwe aliyesanifu nembo, huenda bado anayo faili ya CorelDRAW, Illustrator au PDF ya awali. Akikosekana, nembo kubwa na safi yenye rangi chache ifuatishwe kwa Inkscape na pointi za ziada zipunguzwe, maneno yaandikwe upya kwa fonti yake, nembo ndogo au chafu ichorwe upya kwa mkono, na picha za sura za watu zibaki pikseli. Anayemtumia mchapaji nembo kwa WhatsApp aitume kama waraka, kwa kuwa inayotumwa kama picha hubanwa njiani.