Sura ya 6: Chini ya Meza

Treni ya umeme ya SGR itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma huchota volti 25,000 kwenye waya uliotandazwa juu yake, kisha umeme ule hurudi kwa njia ya reli. Treni yetu ya mezani haina waya wa juu. Reli moja inaleta umeme, ya pili inaurudisha, na magurudumu ndiyo yanayouchota. Katika kipimo cha HO kila kitu hugawanywa kwa 87, hivyo reli ya SGR yenye upana wa milimita 1,435 huwa milimita 16.5 tu. Nafasi ndogo kama hiyo hufanya shoti iwe jambo la kila siku.

Mfumo wa zamani ni mwepesi kueleza: volti 12 za DC, ukibadilisha chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Ubaya wake, treni zote zilizo kwenye kipande kimoja cha reli hutii kirungu kimoja. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilitengeneza mfumo wa kidijitali ambao leo tunauita DCC, na chama cha Marekani cha wapenda treni ndogo, NMRA, kilichoanzishwa 1935, kikaufanya kuwa kanuni katika miaka ya 1990. Humo reli zina umeme muda wote, kiasi cha volti 15, na amri husafiri ndani ya umeme huohuo. Kila injini ina kisimbuzi chake kinachosikiliza namba yake.

Wengi husoma hapo wakadhani kazi imeisha: waya mbili kutoka kwenye mtambo unaotoa umeme na amri hadi relini, basi. Treni inakimbia vizuri karibu na mtambo, ikifika kona ya mbali inachechemea. Kosa si la treni. Reli si waya. Imetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao Wazungu wameupa jina la fedha ingawa hauna hata chembe ya fedha, na ukinzani wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa shaba. Vibati vinavyounga kipande na kipande navyo hulegea na kushika kutu.

Kwa hiyo pitisha chini ya meza jozi ya waya mnene wa shaba, wa milimita za mraba 2.5, ufuate njia ya reli juu yake. Kila baada ya mita moja hivi, shusha waya mwembamba kutoka kwenye kila reli, uunge na ule mnene. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mimi niliwahi kufunga meza nzima kwa waya wa rangi moja kwa kuwa ndio uliokuwa dukani; siku ya shoti ya kwanza nililala chali sakafuni jioni nzima nikifuata waya kwa kidole.

Vifaa ni vichache: multimita, koleo la kumenyea waya, bisibisi, na pasi ya kulehemu. Hii ya mwisho watu huinunua hafifu wakiogopa kuyeyusha mataruma ya plastiki. Ni kinyume chake. Pasi hafifu hukaa sana relini ikitafuta joto, na joto hilo hupata muda wa kusambaa. Pasi yenye nguvu hugusa na kuondoka. Pakaza risasi kwanza kwenye waya na kwenye reli, kila kimoja peke yake, ndipo uviunganishe. Dawa ya asidi ya mafundi bomba usiilete hapa, itakula waya.

Sasa jaribio la sarafu. Washa umeme, ulaze sarafu juu ya reli mbili. Mtambo lazima ukate mara moja. Ukikataa kukata, hesabu inaeleza hatari yake: mtambo wa volti 15 uliowekewa kikomo cha ampea 5, ukikuta ukinzani wa omu 4 njiani, utapitisha ampea 3.75 na kudhani ni treni nyingi zinazotembea. Ampea hizo ni wati 56 za joto zinazoshuka kwenye reli, viungio na magurudumu, wala fyuzi haisemi kitu. Behewa lililoacha njia laweza kuyeyuka hapo ukiwa unatafuta chai jikoni.

Jaribu kila baada ya mita moja, kabla hujamwaga kokoto wala kupanda mti wa kwanza. Na kama meza yako imekwisha kupambwa, chukua sarafu leo, uanzie kona iliyo mbali kuliko zote na mtambo.